Kadi Niliyopewa Niipeleke Ijumbi

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Somo la uzazi nimelifundisha kidato cha tatu kwa miaka mingi, kiasi kwamba naweza kuchora mfuko wa uzazi na mirija yake miwili bila kufungua kitabu. Nachora kwa chaki nyekundu, naandika majina kwa chaki nyeupe, kisha nageuka kuwatazama wanafunzi waliojificha nyuma ya madaftari wakicheka. Nawaambia wanyamaze, hakuna cha kuchekesha hapo. Nawaeleza magonjwa ya kisonono, klamidia na kaswende, jinsi yanavyoingia mwilini na yanavyoharibu. Yote nayasema kwa Kiingereza, maana ndivyo mtaala unavyotaka, na sijawahi kuona haya hata siku moja.

Nimeanza na hilo ili mtu asije akanionea huruma akidhani sikujua. Nilijua. Niliyafundisha Jumatano, Alhamisi nikasahihisha mazoezi, na aliyekosea nilimwandikia alama ya mkasi kwa wino mwekundu.

Ninaishi Kagondo, hapa Bukoba. Kaka yangu alibaki kwenye kibanja cha baba huko Kanazi, na kahawa na migomba yake, na mtoto wake wa kwanza ni binti. Sitamtaja jina. Nimeshamchukulia vya kutosha, jina nimwachie. Alisoma mpaka kidato cha nne, akajifunza cherehani, na tangu mdogo alikuwa mtoto wa kwangu zaidi kuliko wa mama yake. Likizo zote alikuja Kagondo. Nilimfundisha kusoma saa, kuoka mkate na kupanda baiskeli.

Kwetu msichana akiposwa, anayeitwa ni shangazi. Mama mtu hawezi kukaa na binti yake akamweleza mambo ya chumbani, na baba ndiyo kabisa. Shangazi anaruhusiwa. Anafunga mlango, anakaa na bibi harusi siku mbili au tatu, na humo ndani hakuna neno la aibu. Na kazi yake haiishi siku ya harusi. Katika ukoo wetu, likitokea jambo zito kati ya mke na mume, lile ambalo mke hawezi kulitamka, humpa shangazi alipeleke. Akishampa amemwachia. Hazunguki nyuma yake kwenda kulisema mwenyewe, maana hapo atakuwa amemvua nguo.

Kwa hiyo nilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuchunguza, ya pili kumfunza. Mposaji alikuwa kijana wa Ijumbi, upande wa Muleba, mkusanyaji wa kahawa aliyezunguka vijijini na pikipiki kununua kwa wakulima. Nilitumwa niulize habari zake, nikauliza. Ni Mlutheri mwenzetu, yumo kwenye kwaya, hanywi mpaka aanguke, na mama yake ni mjane mwenye heshima. Nikarudi Kanazi nikamwambia kaka, huyu mchukue, mimi nasimama naye. Nilisema hivyo mbele ya wazee na nilijisikia mtu mkubwa.

Kanisa liliwataka wakapime virusi vya UKIMWI kabla ya kutangazwa. Wakaenda, majibu yakatoka, wote wawili salama. Kaka alinipigia simu kwa sauti ya mtu aliyefaulu mtihani yeye mwenyewe.

Anayetaka kuelewa furaha ile lazima awe amekulia Kagera. Nyuma ya migomba yetu kuna makaburi, na mawili ni ya dada na kaka walionitangulia. Waliondoka mwaka mmoja, nikiwa shule ya msingi. Ujana wetu wote ulikuwa na ugonjwa mmoja tu. Ukiambiwa huo huna, umeambiwa huna chochote. Mengine yote ya zinaa tuliyaona kama mafua, kitu cha sindano moja na kucheka baadaye. Ubaoni niliandika kwamba kila ugonjwa una mdudu wake na kipimo chake, na kwamba kipimo cha UKIMWI hakisemi lolote juu ya kisonono wala klamidia. Lakini moyoni nilikuwa yule yule mtoto wa Kanazi, na kwangu karatasi ile ya majibu ilikuwa imefuta kila kitu.

Siku ya pili ya mafunzo, binti yetu akaniuliza. Alikuwa na miaka ishirini na minne, ameketi mkekani, amenyoosha miguu, ninamsuka.

"Shangazi, kile kipimo tulichopima, kinaonyesha na magonjwa mengine?"

Nikamjibu, "Mwanangu, mtihani mkubwa umeshafaulu, sasa unatafuta mazoezi?"

Akacheka, nami nikacheka. Nikaendelea kumsuka nikimfundisha namna ya kumpokea mume anayerudi na hasira. Alikuwa ameuliza swali la kidato cha tatu, na mwalimu wake akamfanyia mzaha.

Miezi minane baada ya harusi alikuja kwangu, Jumamosi asubuhi, na kikapu cha maharage kichwani. Nilifurahi nikidhani amekuja kunipa habari njema. Nilimwangalia tumboni hata kabla ya usoni. Lakini alikalia kiti kwa upande, na chai aliiacha ikapoa. Nikamuuliza kulikoni. Akaanza kusema kwa Kihaya, kidogo kidogo, akitazama sakafu. Tumbo la chini linamuuma. Akikojoa anaungua. Na uchafu unamtoka, una rangi, una harufu, amefua nguo za ndani mpaka mikono imechubuka.

Sikumfokea. Hilo nilifanya vizuri. Nilivaa viatu nikampeleka kituo cha afya mjini, tukakaa foleni pamoja.

Muuguzi alikuwa msichana mdogo, mkavu, mwenye maneno mafupi. Alimwuliza maswali yote bila kupepesa macho. Alimpima UKIMWI na kaswende, hana. Akasema dalili zile ni za maambukizi yanayopita kwa kujamiiana, na yakiachwa hupanda kwenye mfuko wa uzazi na mirija. Akamchoma sindano, akampa vidonge na kumwambia amalize hata akijisikia mzima siku ya tatu. Halafu akasema maneno ambayo ningeweza kuyasema mimi usingizini. Mume naye atibiwe, hata kama hasikii chochote, maana wengi hawasikii chochote. Wasikutane mpaka wote wawili wamemaliza dawa na wiki ipite, na ikishindikana watumie kondomu. "Ukitibiwa peke yako," alisema, "umefagia ndani ukaacha mlango wazi."

Akampa kadi ndogo ya kumpelekea mume. Haikuwa na jina la ugonjwa, ilikuwa na tarehe na alama ambayo mhudumu yeyote angeielewa. Muuguzi akasisitiza kwamba kadi haimshtaki mtu. Hawaulizi nani alianza. Mara nyingi hata haijulikani, mtu anaweza kukaa nayo muda mrefu tangu zamani bila dalili.

Tulitoka nje tukakaa kwenye benchi. Alikuwa ameishika kadi kwa vidole viwili.

"Shangazi, mimi siwezi. Akiniuliza nimeitoa wapi nitamwambia nini? Atasema ni mimi."

"Hasemi."

"Neno hili nakupa wewe."

Nikaipokea, nikaitia kwenye mkoba. Nikamwambia aende kwa amani, nitakuja wiki ijayo. Alivuta pumzi akaniegemea begani, mtu mzima, mke wa mtu, mbele za watu.

Na nilikwenda. Nilipanda gari mpaka Muleba, nikachukua bodaboda mpaka Ijumbi, na njiani nilijipanga. Nilikuwa na maneno yangu ya Kihaya nimeyakariri. Mkwe alinipokea kwa mikono miwili, akafuta kiti kwa kitambaa, akaniletea akamwani kwenye kikapu chake kidogo, zile punje za kahawa tunazompa mgeni atafune kwanza kabla ya mazungumzo. Alikuwa amepaka ukuta wa mbele chokaa mpya, akanionyesha. Binti yetu alitusalimia kisha akatoka makusudi, akaenda jikoni, na kutoka huko nikamsikia akigonga masufuria kwa nguvu ili tujue yuko mbali.

Nikafungua mdomo. Kila neno nililolileta lilikuwa ama tusi ama neno la chumbani. Kwa Kiingereza ningelimaliza kwa dakika mbili na kumwuliza kama kuna swali. Kwa Kihaya, mbele ya kijana anayeniita shangazi, ulimi ulikuwa mzito kama umepooza. Yeye akaniona nimenyamaza, akanisaidia kwa kuanzisha mazungumzo. Mvua imechelewa, akasema, maua ya kahawa yamedondoka, mwaka huu wakulima watalia. Nikasema kweli, hata Kanazi yamedondoka. Tukaendelea hapo, saa nzima, maua ya kahawa.

Nilimwogopa? Hapana. Nilimwogopa kaka. Niliona siku mkwe atakaposema, mke wangu kaniletea ugonjwa, na binti yetu arudi Kanazi na sanduku lake. Au ithibitike ni yeye kijana, na kaka aniulize, si wewe uliyesimama naye? Nilijua kadi haiulizi nani alianza. Lakini watu wanauliza, na jibu lolote lingefika mlangoni kwangu. Basi nikajiambia kwamba sindano ile ilikuwa kali, binti ameshatibiwa, yameisha. Mwalimu wa baiolojia ndiye aliyejiambia hivyo.

Binti yetu alinisindikiza mpaka njia panda.

"Umempa?"

"Nimempa."

"Amesemaje?"

"Amepokea vizuri. Alisema atakwenda kituoni mwenyewe, usimsumbue na maswali."

Uongo ule wa pili ulitoka haraka kuliko wa kwanza, na ulikuwa mbaya zaidi, maana ulimfunga mdomo. Alipiga magoti palepale kwenye vumbi kunishukuru. "Wakola, shangazi." Nikamwinua. Nilipofika stendi ya Muleba niliingia chooni, nikaichana ile kadi vipande vidogo, nikavitupa shimoni. Kisha nikanawa mikono, nikanunua chungwa nikala.

Baada ya miezi mitatu dalili zilirudi. Safari hii alikwenda zahanati ya karibu nao, na walipomwambia aje na mume, akawajibu mume ameshatibiwa. Alisema hivyo kwa kuwa mimi nilimwambia hivyo. Wakampa dawa peke yake. Alinipigia simu akauliza kwa upole, "Shangazi, una hakika alikunywa?" Nikasema nina hakika. Na sikuishia hapo. Nikamwuliza kama kweli yeye alimaliza vidonge vyake mara ya kwanza, maana vijana wa siku hizi wakipata nafuu wanaacha. Akasema alimaliza. Nikamwambia basi awe mwangalifu na usafi.

Nikiyakumbuka maneno hayo nasimama. Hata nikiwa nimekaa na watu, nasimama naenda kutafuta kitu jikoni.

Mara ya tatu alipata homa na maumivu mpaka akashindwa kunyooka, wakamlaza siku mbili na dripu. Nilikwenda kumwona na supu. Nilikaa kando ya kitanda nikimpepea kwa leso, na watu wa wodini wakamwambia ana bahati ya shangazi. Ningeweza kusema pale. Mume alikuwa mlangoni ameshika kofia yake ya pikipiki, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Kadi haikuwapo tena lakini mdomo nilikuwa nao. Nikamwuliza mgonjwa kama atakula ndizi.

Kisha dalili zikanyamaza, na mimi nikashukuru Mungu kama mjinga. Zikanyamaza mwaka, ukapita na wa pili, na mtoto hakuna. Mwaka wa nne wa ndoa mama mkwe akaniita.

Hakuniita kwa shari. Kwetu shangazi ndiye aliyemkabidhi bibi harusi, kwa hiyo mambo yakikwama huulizwa yeye kwanza. Aliandaa chakula, akangoja nile, kisha akasema kwa heshima, "Waitu mwalimu, sisi hatuna ugomvi na mtoto wetu. Anatuheshimu, analima, anashona. Lakini wewe ndiye uliyemfunza. Kuna jambo mlilotuficha? Aliwahi kutoa mimba huko nyuma?"

Binti yetu alikuwa palepale ameketi chini, mikono mapajani. Mume alikuwa anatazama miguu yake. Wote wakaningoja mimi. Nikakunja uso kama mtu aliyetukanwa, nikasema binti yetu hakuwahi kufanya jambo kama hilo, watoto ni mipango ya Mungu, tuombe. Nikaomba mwenyewe, sala ndefu, nzuri. Nilipofumbua macho binti yetu alikuwa analia bila sauti, na mama mkwe akamtazama kwa macho ambayo hayakuwa yameamini sala yangu. Nilimwacha pale na aibu isiyo yake, nikawahi gari.

Usingizi uliniisha kwa wiki kadhaa. Nikampigia nikamwambia aje Bukoba, kuna daktari wa wanawake katika hospitali moja kubwa, nitampeleka mimi. Walimpima, wakamfanyia ile picha ya kupitisha dawa kwenye mfuko wa uzazi ili waone inapita wapi. Mrija wa kushoto dawa haikupita kabisa. Wa kulia ilipita kidogo ikaishia kwenye uvimbe wa maji. Daktari, mtu mzima mwenye mvi, alichukua kalamu akachora kwenye karatasi. Alichora vibaya. Mimi huwa nachora vizuri zaidi.

Akaeleza kwamba yai hutoka hapa, mbegu hulikuta ndani ya mrija, na mrija ukiwa na makovu hawakutani, au wakikutana mimba inaweza kutunga hukohuko nje ya mfuko na kuhatarisha maisha ya mama. Makovu ya namna hii, akasema, mara nyingi huachwa na maambukizi ya zinaa yaliyorudi mara kwa mara. Njia iliyobaki ni kupandikiza mimba, inafanyika miji ya mbali, na ni kwa mwenye uwezo. Akauliza, "Mlipougua, mlitibiwa wote wawili?"

Binti yetu akajibu kabla sijapumua. "Ndiyo, tulitibiwa wote."

Daktari akatikisa kichwa, akaandika. Mimi nikatoka nje nikashika nguzo ya baraza.

Tulirudi Kagondo. Mchana ule tulikaa uani tukimenya ndizi, kwa sababu watu lazima wale, na ndizi tatu au nne zikiwa zimemenywa nikasema. Nilisema kadi sikumpa. Nilisema niliichana Muleba nikaitupa chooni, na kwamba mume wake hajawahi kunywa dawa kwa kuwa hakuna aliyemwambia. Nilisema vyote, hata chungwa. Sikulia, niliona sina haki ya kumlazimu yeye anibembeleze mimi.

Kisu chake hakikusimama. Alimaliza ndizi ile, akaitia kwenye maji, akachukua nyingine.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba hukumpa. Ilipokuja mara ya pili nilimwuliza, shangazi siku ile alikuja na maneno gani? Akasema, maneno ya maua ya kahawa. Akaniuliza kwani kuna nini. Nikasema hakuna."

Nikamwuliza kwa nini hakumwambia mwenyewe. Kwa nini hata mimi hakuniambia kwamba nimedanganya. Sauti yangu ilipanda, na ninaona haya kusema ilipanda kama ya mtu anayedai.

"Neno nilikuwa nimeshakupa wewe," alisema. "Ningeanzaje kulichukua? Halafu nikafikiri, shangazi ndiye anayewafundisha watoto mambo haya, anayajua kuliko yule muuguzi. Kama ameona asimpe, basi ameona halina madhara."

Hakusema kwa uchungu. Alikuwa ananieleza tu jinsi alivyofikiri. Nilitamani anitukane. Nilijua namna ya kupokea matusi, lakini imani ile sikujua niiweke wapi. Alikuwa amechukua woga wangu akaudhania kuwa elimu, na kwa elimu hiyo akarudi kulala na mume wake.

Baadaye, ndizi zikiwa jikoni, akasema tena, bila kunitazama. "Neno langu bado liko kwako, shangazi. Kalipeleke. Na mama mkwe awepo, kwa sababu yeye ndiye aliyeuliza."

Nilikwenda Jumamosi iliyofuata. Niliwakuta wote watatu sebuleni, wananingoja. Sikugusa kitu walichoniletea. Nilisema kwa Kihaya, neno kwa neno, na pale nilipokosa neno la heshima nilitumia lile lisilo na heshima. Kwamba mke wake aliugua maambukizi ya zinaa mwaka wa kwanza wa ndoa. Kwamba alipewa kadi ya mume, akanipa mimi niilete, nikaja nayo nikarudi nayo. Kwamba hakuwahi kutoa mimba, na aliyewaficha jambo ni mimi.

Mkwe alifumbata mikono. Halafu akasema bila kuulizwa kwamba kabla ya uchumba aliwahi kutokwa na usaha, akanunua vidonge duka la dawa, akanywa mpaka ukakauka, akaacha. Baadaye wakapima kwa ajili ya kanisa, majibu yakawa mazuri, akajua yuko safi. Hakusikia maumivu tena hata siku moja.

"Siku ile ungenipa, shangazi," alisema, "ningekunywa. Ningekunywa mbele yako."

Nilimwamini palepale. Uso wake haukuwa na hila. Miaka yote ile nilikuwa namwogopa mtu ambaye hakuwapo, na huyu aliyekuwapo, aliyenifutia kiti kwa kitambaa, sikuwahi kumpa nafasi ya kujibu.

Mama mkwe ndiye aliyefuata kusema. Alikuwa amesogea mpaka ukingoni mwa kiti, na uso wake umefunguka kwa matumaini, kama mtu aliyetafuta ufunguo siku nyingi na sasa ameambiwa uko wapi.

"Basi na anywe leo," alisema. "Mwalimu, akinywa sasa, mtoto atapatikana?"

Wakaniangalia wote. Binti yetu naye aliniangalia, ingawa jibu alikuwa nalo. Nikawaambia wakatibiwe wote wawili kwa pamoja, ili wasiugue tena, lakini mirija iliyoharibika dawa haiifungui. Hilo ndilo neno nililolifikisha Ijumbi.